Fundo

Kanga moja, ncha mbili:
ncha kwenye kiwiko kizima cha Kaije,
ncha kwenye changu.
Yeye kitandani, mimi mkekani.
Akijigeuza, navutwa.
Mwaka wa pili huu nalala kama mbuzi wa Mfunguo Tatu,
kamba imekaza, sikio wima.

Sijui usingizi umehamia wapi.
Labda Mtambwe, kwa wenye wazima wao.

Asubuhi namkalisha, namkosha, namlisha uji
kijiko kwa kijiko, upande wa mdomo wenye fahamu.
Unaodondoka naupangusa.
Unaobaki bakulini naunywa mimi, wima, umeshapoa,
nikauita chakula changu.
Kiuno kinalia kama bawaba ya mlango wa uani;
nikasingizia baridi.
Mvumo wa sikio la kushoto
nikausingizia mashine ya kusaga ya Shaame,
hata Ijumaa, mashine imefungwa.

Nani wa kusema "nimechoka"
mbele ya aliyemlea?
Mama alipokufa Kaije alinibeba mgongoni,
akaenda nami skuli,
hata skuli yenyewe ikamwacha.
Majirani hunisifu: "Pepo yako hiyo, Time."
Nami nacheka. Pepo ina ngazi,
na magoti yangu hayapandi.

Jumatatu, hospitali ya Wete,
muuguzi akamaliza kumpima presha,
akaandika, akaniangalia.
"Na wewe, leta mkono."
Nikamwambia mgonjwa si mimi.
"Leta."
Kitambaa kikanikaza, kikapumua.
Akarudia. Akarudia tena.
Kaije mia na thelathini.
Mimi mia na tisini na nane.
"Nyumbani," akauliza, "wewe nani anakuuguza?"
Nikatazama juu. Pangaboi lilikuwa halizunguki.

Tukarudi. Vidonge vyake kopo la maziwa,
vyangu nikavificha kopo la biskuti.
Sikuvitaja.
Lakini kilichokufa kwa Kaije ni ulimi.
Masikio mazima.

Usiku ule nililala. Nililala hasa,
adhana ya alfajiri ikanipita.
Nilipozindukana jua limeshaingia chumbani.
Ncha yangu bado imefungwa.
Yake imefunguliwa kwa meno,
fundo limelowa mate,
na kanga iliyobaki
imeangushwa juu yangu, nusu kifuani, nusu usoni.

Godoro lake majimaji, tangu saa ngapi sijui.
Hakunivuta.

Nikachemsha maji, nikamkosha,
sote wawili tukiangalia kiambaza.