Tanga la Turubai

Injini tuliiuza Bukuru alipolazwa Maweni,
Yamaha ya farasi kumi na tano.
Mnunuzi alihesabu noti juu ya shuka la hospitali
na Bukuru akafumbua jicho moja, akasema: mmepunjwa.
Hakusema tena neno lililoeleweka.

Basi tanga. Ciza alilishona kwa sindano ya magunia,
turubai la kambini, buluu iliyochujuka,
herufi za wafadhili zimekaa kichwa chini,
na tulipopita Bangwe watoto wa ufukweni
walipinda shingo wasome, wakashindwa, wakacheka.

Kusini ya Ujiji upepo una tabia ya mdai:
hukuacha ushibe, hukuacha ujinyooshe,
kisha usiku wa manane unagonga mlango.
Twaambaa ukingo, jabali kwa jabali,
muhogo tulinunua Karago, chumvi Sunuka,
na kila gati tuliuza kidogo tulichokausha.
Wiki ya pili sasa. Mgongo wangu umeshika umbo la ubao.

Mwezi ulipojaa tulitia nanga kisiwani,
kama ni haki kukiita kisiwa:
mwamba, mikuyu mitatu, na mavi meupe ya minandi.
Usiku wa mbalamwezi karabai ni pambo tu,
dagaa hawahadaiki, wana taa yao juu.
Ziwa zima likizo. Ng'ambo, milima ya Kongo
imekaa kama shemeji aliyenuna.

Nilianika dagaa wa juzi kwenye jiwe lenye joto bado
nikakaa na mwiko, nikiwafukuza ndege.
Ciza alitupa ndoano.
Akavuta samaki wa mawe, mpana kama kiganja,
shavu limevimba kama la mtu mwenye jino bovu.
Nikambonyeza taya
na watoto wakamwagika,
ishirini, thelathini, macho yenye mikia,
ndani ya kopo la kukumbia maji.
Nilipomshusha mama yao mle koponi
waligeuka wote kwa pamoja
wakakimbilia kinywani, damu ya ndoano ikitoka,
wakajipanga humo, kimya.

Mama yetu alibeba wawili. Bukuru akatangulia,
mimi Butoyi nikafuata nyuma yake,
na kwa kuwa Waha wana jina la anayewafuata mapacha
akaja Ciza, ambaye kila aitwapo
sharti mtu atuhesabu sisi kwanza.
Nikamwambia: mrudishe majini.
Akanitazama, mtu wa siku nne za muhogo mkavu.
Dada, huyu ni samaki.

Ni kweli. Alikuwa samaki.

Tukagawana ubishi. Watoto niliwakamua tena, mmoja mmoja,
nikawamimina kwenye ufa wa mwamba
ambapo maji yanafika goti, na ni maangavu
hata kokoto ina kivuli chake.
Mama yao tulimbanika.
Tulikula kichwa, tulikula mapezi, tulikula shavu lile.
Alikuwa mtamu. Sitadanganya.

Alfajiri nilikwenda ufani kabla Ciza hajaamka.
Nikapiga magoti, nikaziba mwanga kwa kanga.
Sikuona kitu.
Ama wameliwa, ama wameshajua kujificha,
na maji, ukiyauliza, yanakuonyesha uso wako tu,
na uso wangu, kwa aliyetufahamu, ni wa watu wawili.

Tukapandisha tanga. Herufi zikajaa upepo.
Kwenye ubao wa nyuma, pale ilipofungwa injini,
yamebaki matundu manne ya bolti,
na mtumbwi ukishika kasi hupiga mluzi,
wa chini, usio na wimbo, kama mtu anayehesabu pesa peke yake
na kila mara anapata pungufu.
Ciza anasema tuyazibe kwa nta tukifika Kalya.

Nimemwambia nta ni ghali.
Nimemwambia ashike kamba.