Sifuri na Moja

Mtaa wa Maharage, mjini Tartu,
nyumba ya mbao iliyobanduka rangi upande wa mto.
Ghorofa ya pili, Aune Raudsik,
mwaka wa tatu wa uzamivu,
soksi mbili kila mguu,
anasoma shayiri.

Shayiri yake haina suke wala kapi.
Ni herufi nne, A na C na G na T,
bilioni tano hivi, bila nukta, bila pumzi.
C ile ambayo kwetu haisimami bila H
huku imesimama peke yake
na mtu anaikesha.

Kuna jani linaloshika kutu
na jani linaloikataa.
Tofauti yao, Aune anaamini, ni herufi moja
mahali fulani humo ndani.
Kila Jumapili baba yake anapiga simu kutoka Põlva,
ekari zake ziko chini ya theluji,
hamuulizi afya.
"Umeipata?"

Mwezi wa kumi na moja aliipata.
Ilikuwa nzuri, jamani.
Grafu ilipanda kama moshi wa asubuhi isiyo na upepo.
Profesa Kaljo, ambaye hasifu hata supu ya mkewe,
alivua miwani akasema: "Hm."
Aune aliiweka hiyo "hm" mfukoni
akatembea nayo majira yote ya baridi.

Kisha akaja Tõnis,
kijana wa uzamili, wiki ya pili tu maabara,
mkate mweusi mkononi, makombo kwenye kibodi,
akauliza, kwa kuwa hakujua kwamba haiulizwi:
"Faili hii inahesabu kuanzia moja.
Na ile nyingine, mbona inaanzia sifuri?"

Friji ya sampuli ilinguruma.
Mtu akakohoa chumba cha tatu.

Sisi tungemwelewa haraka.
Sisi ambao mshale ukiwa kwenye saba tunasema saa moja,
na hatujachelewa, na mwenye mshale hajachelewa,
mradi kila mmoja anajua saa ni ya nani.
Msiba ni kuwaalika wote wawili
bila kuuliza.

Maana jeni husomwa tatu tatu.
Andika hivi, herufi tatu tatu:
ILI ALE OKA.
Sasa ruka herufi moja tu, anzia ya pili:
LIA LEO,
na KA imebaki pembeni
kama mkate ulioumwa ukaachwa.
Hakuna herufi iliyobadilika.
Hakuna aliyedanganya.

Miezi minne alikuwa akisoma LIA LEO
akidhani ni siri ya shayiri.

Hakulia. Alikwenda jikoni la idara
akaosha vikombe vyote, hata visivyo vyake,
hata kile cha mtu aliyehamia Riga mwaka juzi.
Akarudi. Akaongeza moja, mstari wa themanini na sita.
Alama moja ya kujumlisha.
Akabonyeza.

Seva ya chuo ina foleni kuliko zahanati.
Kazi yake: ya mia nne na kumi na saba.

Jumapili simu ikalia.
"Umeipata?"
"Nimepata kosa," akasema.
Baba akanyamaza, ukasikika mlango wa banda ukigonga.
"Kubwa?"
"Moja."
"Moja si kubwa," alisema mzee Heino,
ambaye mwaka ule wa kutu alivuna magunia tisa
na hajawahi kulisimulia.
Kisha akazungumzia bei ya dizeli.

Shahada hii kwetu huitwa uzamivu,
kwa ajili ya kuzama.
Neno halisemi lolote
kuhusu lulu.

Saa nane usiku. Mto umeganda.
Mia tatu na tisini na mbili.
Grafu mpya, ikija, huenda ikawa tambarare
kama shamba la baba yake sasa hivi.
Tõnis amemwachia kipande cha mkate
juu ya karatasi iliyoandikwa "Samahani",
na Aune anakula,
anafuta neno,
anageuza karatasi,
anaanza kuhesabu upya.