Daftari la Risiti

Tulimwita Risiti
kwa kuwa ndiye ng'ombe wa kwanza kuingia boma letu
akiwa na karatasi: mhuri wa ushirika, saini mbili,
na deni la miezi thelathini.
Mweusi, mwenye baka jeupe begani
kana kwamba amemwagikiwa unga.
Wakwe zangu walicheka. Ng'ombe gani huyu asiyejua malisho,
anayeletewa chakula ndani kama bi harusi?

Nilimkatia matembo, nikamchanganyia pumba na mashudu ya pamba,
nikamtekea ziwa ndoo kwa ndoo
pale penye mawe, Kayenze,
nikisukuma magugu maji kwa kiwiko.
Lita kumi na moja asubuhi, saba jioni.
Niliziandika kwenye daftari la mtoto, kurasa za nyuma,
baada ya hesabu zake za kujumlisha.

Tatu za Ng'washi wa chai na maandazi.
Mbili za mwalimu Lushinge, mlipaji wa mwisho wa mwezi.
Kikombe kimoja, kisichoandikwa, cha pacha wa Kabula.
Zilizobaki zilipanda baiskeli kwenda mjini.

Jumanne hakula.
Mate yalimning'inia kama uzi wa wavu uliokatika,
akawa anabadilisha miguu, huu, huu,
kama aliyesimama pekupeku kwenye mchanga wa saa nane.
Nilimfungua mdomo. Ulimi umeumuka malengelenge.
Moja lilipasuka kwenye kidole changu.

Niseme ukweli: nilimkamua.
Nilikaa na ndoo katikati ya magoti
tangu alfajiri mpaka jua likawafikia dagaa mchangani,
nikipiga hesabu ambazo mtoto wangu hajafundishwa.
Masalu, shemeji yangu, akasema: Nyamaza.
Ijumaa kuna mnada. Nitampeleka na wangu watatu.
Vumbi likiwa la kutosha
kila ng'ombe huonekana mzima.

Nikapiga simu.

Afisa mifugo alikuja na pikipiki na buti za mpira,
akatandika gunia lililoloweshwa magadi langoni pangu.
"Miguu na midomo," alisema polepole,
kama anayetaja jina la marehemu mbele ya wafiwa.
Kisha karantini, kata nzima.
Mnada ukafungwa. Maziwa yasitoke, nyama isitoke,
hata samadi ikae ilipo.

Nilichimba shimo nyuma ya migomba, nikamwaga.
Ardhi haikuyanywa upesi.
Yalikaa pale, meupe, yakitazama juu,
nami nikisimama na fimbo kuwafukuza kuku.

Wiki sita hakuna aliyeniambia mwangaluka.
Ziwani wanawake walisogeza ndoo zao
kana kwamba malengelenge yalikuwa yangu.
Ndama wawili wa Kabula walianguka wakinyonya,
moyo umesimama, chuchu bado mdomoni.
Pacha wake wakanywa uji mtupu.
Masalu alinipita njiani akatema mate,
kwa ustaarabu, upande wa pili.

Methali inajua kitakachompata mficha maradhi.
Kuhusu anayeyataja, imenyamaza.

Sasa kwato zimeota upya. Gunia limekauka, limekuwa gumu kama ubao,
lakini sijaliondoa.
Chuchu moja imekufa; naikamua hivyo hivyo, kwa heshima.
Mnada umefunguliwa, na Masalu ameuza wawili
kwa bei aliyoitangaza kwa sauti mpaka nikaisikia.
Deni halikuugua hata siku moja.
Jana lita nne. Leo nne na nusu.

Asubuhi nilikuta kikombe juu ya nguzo ya zizi,
kimefunikwa kwa kipande cha jani la mgomba,
kikavu ndani.
Nilikijua kwa ule ufa wa mkononi.
Sikuweza kujua kama kinaomba
au kimerudishwa.

Nilisimama nacho muda.
Kisha nikachemsha maziwa, nikayaacha yapoe,
nikakijaza, nikakirudisha juu ya nguzo.

Daftarini sikuandika kitu.