Kichungi cha Chai

Orodha ameiandika mama mkwe kwa penseli
nyuma ya risiti ya maji,
herufi za Kigujarati zimelala ubavu kama dagaa:
samli, lozi, iliki, unga wa dengu,
taa ishirini na moja za udongo,
na mwisho kabisa, chini ya mistari miwili:
kitu cha madini.
"Leo jua halifai kuchwa," akaniambia,
"kabla nyumba haijaona kitu kipya cha kung'aa.
Si chuma. Chuma kina nuksi.
Shaba, au fedha ukipata."
Fedha nikipata! Nilicheka hadi ngazi ya chini.

Vuli imenyesha alfajiri, Marikiti inanuka
karafuu, maganda ya ndizi, koti la mtu lililolowa.
"Simile! Simile!" Mkokoteni wa viazi
nusura unitie kwenye tenga la mchicha.

Kwa Awadhi iliki imepanda bei.
Naileta puani, naiweka chini, naileta puani.
"Hiyo utaimaliza kwa kunusa, mama," anasema,
lakini anapima, na akishapima
anaongeza punje tatu kwa ncha za vidole
kama afanyavyo kila mwaka,
huku akilalamika, kama afanyavyo kila mwaka.

Bi Mejumaa ametandika gunia kando ya ukuta,
vyetezo mbele, vigae vya mikate nyuma,
na katikati, juu ya gazeti, taa zangu
(nasema zangu, sijalipa bado),
kila moja ina alama ya dole gumba lake
pale alipoubana mdomo wa utambi.
"Umefinyangia nyumba ngapi mwaka huu?"
"Zamani arubaini. Sasa kumi na moja.
Wenzio wanunua za plastiki, za betri.
Huyo bibi yenu wa neema, betri aiona?"
Sina jibu. Nahesabu. Moja ina ufa.
Ananibadilishia, kisha ile yenye ufa
anaitia pia kapuni:
"Hii weka chooni. Hata chooni kuna giza."

Halafu shaba.
Barabara ya Biashara, duka la vyombo.
Kengele ndogo, ya kumfunga paka: elfu moja mia nane.
Upawa: usiulize.
Nauliza. Natajiwa bei, nashukuru,
natoka nje na kutazama kanga za jirani
kama mtu aliyetoka kwake kuja kutazama kanga.

Mkobani imebaki mia tatu na hamsini,
na mchukuzi bado.
Jina lake mchukuzi ni Kahindi.
"Wewe Kahindi, mimi Mhindi," namwambia,
"si tu ndugu? Nipunguzie."
"Undugu upo, mama. Ila mkokoteni una mwenyewe."
Tunacheka sote wawili, na bei haishuki.

Ni Mwembe Tayari, kwa kijana wa vikorokoro,
baina ya pini, nyembe na minyororo ya mbwa,
ndipo nilipokiona: kichungi cha chai.
Si shaba, si fedha,
wala, namshukuru Mola, si chuma.
Shilingi sitini.
Kitu cha heri hakipatanwi bei, nikajiambia,
nikakipatana. Hamsini.

Nyumbani anakipokea kwa mikono miwili
mbele ya picha ya Lakshmi, anakitia nukta nyekundu.
Anakigeuza. Anakigeuza tena.
Nangoja neno lake; jibu nimelitayarisha tangu Makadara.
Anawasha taa ya kwanza, ile yenye ufa,
hakuna aliyemwambia,
kisha anakishika kichungi mbele ya moto,
anakisogeza kidogo ukutani,
na hapo, juu ya friji, juu ya kalenda ya benki,
vinachomoza vitone vya mwanga, vingi,
vinatetemeka kama mkono wake.
"Hesabu," ananiambia.

Samli inavuja taratibu mezani.
Nafika sitini na mbili, mkono unateleza,
naanza upya.