Bahari Mkono wa Kushoto

Miaka thelathini na mmoja nimechora mipaka ya watu,
ofisi ya ardhi, ghorofa ya pili, dirisha lisilofungika.
Najua ramani nzuri ikoje:
ina kaskazini yake, ina skeli, ina tarehe,
na jina la aliyekanyaga pale kwa miguu yake.
Sasa nimestaafu, natafuta moja tu.
Vita vya Mjerumani na Mwingereza, upande wetu huu,
Jasini, Januari, mwaka wa kumi na tano.

Ya kwanza niliipata kwa muuza vitabu vikuukuu, Barabara ya Digo:
atlasi ya shule iliyonyeshewa ikakaushwa, ikanyeshewa tena.
Mombasa nukta. Umba uzi.
Jasini haikuwepo; mchwa alikuwa amekula papo hapo
kana kwamba ameagizwa.

Ya pili ilitoka kwa Taibali, mwenye duka la kalamu na karatasi,
asiyetupa kitu, hata risiti za marehemu baba yake.
Akaikunjua juu ya kioo cha meza, akazima feni.
Hapo, nakiri, moyo ulinidunda.
Kontua safi kama alama za vidole.
Kombania za hawa kwa wino mwekundu, za wale kwa buluu,
mishale, boma, mashamba ya katani,
hata saa ya kila shambulio imeandikwa pembeni.
Nikaitembeza lenzi polepole
kama mtu atafutaye chawa kichwani mwa mtoto.
Nikasoma ufunguo:
upanga, mapigano.
Msalaba, kaburi la afisa.
Vijistari, waya.
Mpagazi hana alama.

Taibali akauliza, "Umepoteza nini humo?"
Nikamwambia, "Babu ya baba yangu, na gunia la unga."
Akanipigia fotokopi bure.

Nikaipeleka Mikindani kwa shangazi Mbeyu.
Kusoma hajui, nami sikuendea hilo;
nilitaka majina ya kambi, basi.
Alikuwa na unga kwenye sinia.
Akausawazisha kwa kiganja, akaanza kwa kidole:
hapa Likoni, walihesabiwa kama mbuzi.
Hapa Gazi, maji ya chumvi, wawili wakatoroka.
Hapa Vanga, mvua.
"Shangazi, bahari umeiweka kushoto."
"Iko wapi?"
"Kulia. Mashariki ni kulia."
Akanitazama kama mtoto aliyevaa shati nyuma mbele.
"Wakienda, mwanangu, bahari ilikuwa mkono wa kushoto.
Aliyeiona mkono wa kulia ni Chigulu,
maana Chigulu alirudi."

Nikaigeuza fotokopi juu chini.
Maandishi yakasimama kwa vichwa,
Umba ukalala juu ya Umba.
Skeli yake: kidole, siku moja.
Baada ya mto, ukucha, siku moja,
miguu ilikuwa imevimba.
Na pale, kati ya boma na katani,
mahali ambapo mwenye wino hakuweka hata jani,
kidole kikasimama.
"Hapa Nyamawi alitua mzigo."
Hakuongeza neno.
Jirani alikuwa akipiga msumari ukutani; tukamsikiliza.

Nikajipapasa nitafute penseli,
nikatoa miwani, risiti ya umeme, kitana,
naye tayari amemimina maji katikati ya Jasini
anakanda.
"Ngoja, shangazi!"
"Ningoje nini? Unga huu ni wa chapati.
Wewe si umeshaona?"

Nilikula tatu.

Usiku, mezani kwangu, nikaweka nukta kwa penseli laini,
ndogo kuliko ile ya Mombasa kwenye atlasi.
Nikaifuta, ilikuwa imekaa mashariki mno.
Nikaiweka tena.
Kwenye ufunguo, chini ya upanga na msalaba,
nikaichora nukta ile ile, na mbele yake: alitua mzigo.
Aliyekanyaga: Chigulu. Mpimaji: Mbeyu.
Tarehe nikaandika ya leo, kwani nyingine sina.
Kaskazini nimeiacha chini.