Nanga ya Pili

Rannvá hakuniuliza.
Aliiburuta kutoka chini ya nyavu, ile nanga ndogo,
sikio moja limeliwa na kutu,
akashuka nayo kidauni, akavuta makasia
mpaka amari ikamwishia mkononi.

Mimi, nahodha, nilikwisha sema: moja yatosha.

Usiku upepo ukashuka mlimani kama kondoo waliokurupushwa.
Mashua ikavuta kushoto, ikavuta kulia,
mnyororo ukasaga meno.
Mara tatu nilitoka kuitazama taa ya kanisa la Funningur:
palepale, sambamba na nguzo ya gati.
Nikajisifu.

Asubuhi tuliing'oa kubwa kwanza.
Ikaja bila ubishi,
imekumbatia mwani mtupu.

Rannvá akamimina kahawa.
Hakusema kitu.
Akanipa kikombe kile chenye ufa.