Mita Mbili na Robo

Ukuta wa duka, hapa Maabela, una mita mbili na robo.
Nimeupima mara tatu, haukurefuka.
Bi Shinuna anataka yaandikwe yote:
VITUMBUA NA MKATE WA KUMIMINA.
Nikamwambia, tuondoe "mkate wa".
Akaweka kikombe chini.
"Kumimina nini, mwanangu? Saruji?"

Kiarabu hakina shida. Kinakaa juu,
kinajinyoosha kwenye mstari wake
kama mgeni aliyepewa kitanda kizima.
Chini yake ndiko kwenye msongamano:
herufi ishirini na tano
na nafasi nne za kupumulia.

Basi usiku, kwenye kompyuta, nazichora zangu.
Kwanza nazivua nyayo: hazina vikucha wala mapambo,
zinaingia kama watu walioacha viatu mlangoni.
Kisha nazibana mbavu, nazinenepesha nguzo,
maana herufi nyembamba isiyo na nyama
jua la saa saba, Julai, huila.
I haina neno. A nimeikata bapa utosini.
B nimeiachia matundu mawili,
kila moja kama punje ya mchele,
mchanga ukivuma yasizibe.

Taabu ni M.
Miguu minne kwenye mlango wa mtu mmoja!
Na lugha yetu, Mola katupa M bila hesabu:
mtu, mama, mgeni, msiba.
Kibao hiki peke yake kina nne.
Nikaichonga pale mistari inapokutana,
kidogo tu, kama fundi anavyopunguza kitambaa kwapani,
weusi usijikusanye ukawa doa.
Saa tisa usiku M ikakubali kusimama.
Mume wangu akauliza nacheka nini.

Ndugu za herufi hizi nawajua.
Wako kwenye katoni za tende,
kwenye kichwa cha gazeti siku ya habari mbaya,
kwenye vibao vya wadi
vinavyokataza kuvuka maji yakishuka.
Huko zinapiga kelele, na ni haki yao.
Mie nilitaka hizi zipaze sauti
bila kumgombeza mtu.

Alfajiri Shafiqul akapanda ngazi.
Kiswahili hajui hata neno. Akauliza kwa kidole
kichwa cha kibao ni upande gani,
kisha akaibandika KUMIMINA
imenyooka kuliko ningeweza mimi ninayeila.

Bi Shinuna akavuka barabara.
Akasimama ng'ambo, bila miwani,
akasoma kwa sauti, polepole,
magari yakimpigia honi.
"Zimekonda," akasema.
Nikangoja.
"Lakini zimeshiba."

Halafu akauliza kama pale mwisho, baada ya A,
hapabaki pahala pa namba ya simu.
Pamebaki sentimita nne.
Nimerudi kwenye kompyuta.
Sasa nazibana tarakimu.